Vibiriti Ishirini na Viwili

Mama alikataa kulipa ada ya dawa. Ada ya masomo aliitoa bila neno, ya chakula aliitoa kwa maneno mawili matatu, lakini baba alipomsomea mstari wa tatu wa barua ya chuo, uliosema kila mwanafunzi atoe shilingi kumi za matibabu kwa mwaka, aliichukua ile barua akaifunika kwa kawa kama chakula kinachofichwa mgeni.

“Maradhi hulipiwa yakishakuja,” alisema. “Ukiyalipia kabla, umeyaita. Nani kamnunulia mwanawe sanda kwa vile leo rahisi dukani?”

Hiyo ilikuwa Pangani, katikati ya miaka ya hamsini, nami nimepata nafasi katika chuo cha ualimu cha wasichana, nje kidogo ya mji wa Tanga. Baba alikuwa mshona viatu, mtu wa kuuliza kila kitu cha dunia hii kitadumu muda gani. Alizitoa zile shilingi mwenyewe, akanisindikiza hadi kwenye basi na makubazi mapya miguuni, maana binti wa mshona viatu kukanyaga chini ni kumtangazia baba yake biashara mbaya. “Mwanangu, tumeshalipa,” aliniambia. “Sasa angalia wasitule.”

Nilikuwa binti mtiifu. Tangu wiki ya kwanza nikawa nakwenda zahanati ya chuo kuchukua haki yetu. Jumatatu nilikuwa na kichwa, Jumatano macho, Ijumaa kitu fulani mgongoni ambacho nilishindwa kukieleza vizuri. Zahanati yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye benchi, mizani, kabati la chupa, na dresa. Alikuwa mtu mzima kutoka milima ya Usambara, Mlutheri wa kuimba kila asubuhi, aliyewafunga askari vidonda wakati wa vita hadi akaishiwa na huruma kwa vidonda vya watu wengine wote. Kwake yeye maradhi yalikuwa mawili tu: homa, iliyotibiwa kwa kwinini, na mengineyo, yaliyotibiwa kwa chumvi ya haluli, ile chungu ya kuharisha. Ukimwambia jino, haluli. Ukimwambia umepata habari ya msiba nyumbani, haluli.

“Shikamoo, dresa. Nina kichwa.”

“Marahaba. Kila mtu anacho. Kunywa.”

Ukinywa bila kukunja uso, aliamini unaumwa kweli. Ukikunja uso, alikuandika mvivu. Mimi nilijifunza kunywa haluli kama ninakunywa maji ya madafu, na kwa hiyo nilikuwa mgonjwa mwaminifu kuliko wote chuoni.

Nyuma ya stakabadhi ya ada palipigwa chapa mambo ambayo zile shilingi kumi ziliyalipia: homa, macho, vidonda, kung'oa meno, na gari la kumpeleka mgonjwa hospitali. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno haya: ada hii hailipii hali itokanayo na mwenendo mbaya. Tuliyasoma tukacheka sana. Tulizungushiwa ua wa michongoma pande zote, na mwanamume pekee tuliyeruhusiwa kukaa naye chumba kimoja alikuwa yule dresa mwenye haluli yake.

Muhula wa pili, katika kiangazi, dresa alisimama mbele yetu asubuhi, akatangaza kwamba chuo kizima kitapimwa safura, ile minyoo ya tumboni inayonyonya damu. Kila msichana alete choo chake kidogo, kadiri ya punje ya mahindi, ndani ya kibiriti kitupu, jina juu. Vitapelekwa maabara ya mjini. Mwisho Alhamisi. Aliyasema hayo kwa sauti ileile aliyotumia kutangaza kwamba kuna sabuni.

Bweni letu lilikuwa na wasichana ishirini na wawili, wengi wetu watu wa pwani. Siku ile bweni liligeuka matanga. Mtu wa pwani huenda msalani akiwa na visingizio vitatu, na akirudi husema alikuwa anaanika nguo. Sasa aende uani na kibiriti, kisha amkabidhi mwanamume mkononi, jina juu! Msichana mmoja wa Chumbageni, ambaye alikwisha kuposwa, alilia hadi akapaliwa. “Mie ntaolewaje, yakhe?” alisema. “Mwanamume keshaniona ndani kabla ya mume wangu!”

Mimi haya hiyo sikulelewa nayo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkunga, na nyumbani kwetu mambo yote yanayoingia na kutoka katika mwili wa binadamu yalijadiliwa jamvini, mbele ya sahani ya wali. Nikapanda juu ya kitanda changu nikatangaza kwamba nitawatoa wote katika aibu. Walete vibiriti vitupu tu. Mimi nitavijaza vyote, mimi nitavipeleka, wao wajifunike kanga zao wakae kimya. Ujira wangu ulikuwa ndoo moja ya maji kwa kila kichwa. Tangi lilikuwa limekauka, kisima kilikuwa chini ya mteremko mrefu, na kila mtu alijichotea ya kwake ya kuogea. Vichwa ishirini na kimoja vilikuwa siku ishirini na moja za kulala hadi kengele.

Walinibusu mikono. Kisha nikawaapisha, maana nilijua wanawake wa bweni na midomo yao. Waislamu waliapa kwao, Wakristo kwao, kwamba hakuna atakayetamka neno ila nimwachilie mimi mwenyewe.

Mmoja tu hakuleta kibiriti kitupu. Alilala kitanda cha jirani yangu. Baba yake alikuja kutoka bara kwa manamba, akabaki kwenye shamba la mkonge upande wa barabara ya Horohoro, akikata majani tangu yeye hajazaliwa. Msichana mpole, Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, aliyeniita dada ingawa tulilingana, na aliyevaa viatu Jumapili tu, kanisani, kisha akavivua mlangoni na kuvibeba. Alikuja na kibiriti chake kimejaa, kimefungwa uzi vizuri kama zawadi.

“Mimi ninacho, dada,” alisema. “Kule kwetu shambani tunapimwa. Si kitu cha kuonea haya.”

Hapa ndipo ninapotamani kujirudia nikajizabe kofi. Ningeweza kukipokea kile kibiriti nikakiweka pamoja na vingine, jambo likaisha. Lakini akitoa cha kwake, ndoo yangu moja imekwenda. Na zaidi ya ndoo, alinikera. Mimi nilikwisha kujifanya shujaa wa bweni kwa jambo ambalo yeye alilifanya bila kelele, na bila hata kuona kwamba ni ushujaa.

“Ala! Nyie wa mkonge hamna haya ndio maana,” nilimwambia mbele ya wote, nao wote wakacheka. “Sisi hapa tuna staha zetu. Usitutie aibu.”

Alinitazama, kisha akanipa kibiriti. Nilikitupa shimoni. Nikamwandikia kingine, nikakijaza mwenyewe. Akaapa na yeye, mkono kwenye rozari yake.

Alhamisi nilimpelekea dresa vibiriti ishirini na viwili juu ya sinia, nimevifunika kwa kitambaa kilichotariziwa. Baada ya wiki mbili majibu yakaja: bweni letu lote safi, hakuna hata yai moja la mnyoo. Mkuu wa chuo, Mzungu mrefu tuliyemwita Bibi Mkuu, aliyesema Kiswahili cha kitabuni bila kukosea hata herufi na bila kufurahisha hata mtu, alitusimamisha mbele ya chuo kizima, akatupa bendera ya usafi tuitundike mlangoni. Tuliitundika. Niliitazama kila siku nikiingia, nikajiona kwamba nimelea tumbo lenye faida kwa taifa.

Maji yalikuja. Kila alfajiri nilikuta ndoo yangu imejaa. Zamu ya jirani yangu ilikuwa ya mwisho, na ndoo yake ilifika nusu. Nilimwona akipanda mteremko, amepumzika mara tatu, mara ya tatu akiwa amekaa chini kabisa na kichwa magotini. Nikamngoja mlangoni nimejishika kiuno.

“Nusu ndoo ni nusu ada,” nilimwambia.

“Nitakuletea nusu yake, dada. Leo pumzi imekata.”

Pumzi yake ilizidi kukata. Uso wake ukaanza kuvimba asubuhi, macho yakawa madogo, na viganja vikawa vyeupe kama unga wa muhogo. Alisinzia darasani. Akaanza kula udongo. Alimenya ukuta wa jiko la nje kidogo kidogo, akautia mdomoni kama mtu anayekula halua. Msimamizi wa bweni, mjane mwenye macho ya kunguru, alimwona. Huyu mama ndiye aliyegawa vitambaa vya mwezi na kuandika nani amechukua lini, akaenda akafungua daftari lake. Msichana wa mkonge hakuwa amechukua vitambaa kwa miezi mitatu.

Basi hesabu ikafungwa. Uso umevimba, anakula udongo, mwezi hauoni. Bweni zima lilijua udongo ni chakula cha nani.

Aliitwa ofisini Jumatatu. Alisema hajamjua mwanamume. Aliomba apelekwe kwa daktari, kwani hali kama hii alimwona nayo mama yake, na ilikuwa safura. Bibi Mkuu akamwita dresa, dresa akatoa karatasi ya maabara, jina lake limeandikwa wazi: safi. Kama si safura, basi ni lile lingine, na kwa lile lingine gari la kwenda hospitali halitoki, kwa kuwa ada haikulilipia. Walimwonyesha nyuma ya stakabadhi. Yale maneno tuliyoyachekea. Siku ileile barua ikapelekwa kwa baba yake aje kumchukua Jumamosi. Msichana aliyepelekwa nyumbani kwa sababu ile hakurudi, si chuoni kwetu wala chuo kingine.

Alirudi bwenini akaketi kitandani, uso kwangu. Alijua na mimi nilijua. Neno moja lake tu, “kile kibiriti si changu,” lingemwokoa. Lakini alikuwa ameapa, na yeye, tofauti na sisi tuliokula yamini kama tunakula bisi, aliapa kweli. Hakuniomba nimwachilie. Alinitazama tu, akangoja.

Na mimi nikanyamaza. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Jumanne nilijiambia huenda ana mimba kweli, nani ajuaye. Jumatano nilijiambia wakinifukuza mimi baba atakufa kwa aibu. Alhamisi nilikwenda zahanati nikasema nina tumbo, na mara hiyo nilikuwa nalo kweli. Nilikunja uso nikinywa haluli, dresa akaniandika mvivu.

Ijumaa alasiri nilikuwa nimejilaza. Yeye alikwisha kufunga virago vyake, sanduku la bati na mkeka. Akatoka. Sikumfuatilia. Nusu saa baadaye nikasikia kitu kikikwaruza sakafuni. Alikuwa anaiburuta ndoo, hawezi kuiinua, anaivuta hatua moja na kusimama. Akaileta hadi miguuni pa kitanda changu. Ilikuwa na maji nusu.

“Ile nusu yako, dada,” alisema. “Nisiondoke na deni.”

Nilishuka kitandani bila kuvaa viatu, mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu, nikakimbia hadi ofisini.

Bibi Mkuu alikuwa na dresa, wanatia sahihi hati za dawa. Nikasema yote bila kuvuta pumzi. Waliponielewa, dresa aliweka kalamu chini.

“Unasema,” Bibi Mkuu aliuliza polepole, akitafuta neno la heshima na asilipate, “kwamba kile kilichokuwamo katika kibiriti chake kilikuwa chako?”

“Ndiyo, Bibi.”

“Na vibiriti vya wengine?”

“Vyangu, Bibi.”

“Vyote ishirini na viwili?”

“Ndiyo, Bibi. Ilitosha.”

Dresa aligeukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nami nikadhani analia kwa hasira. Kumbe anacheka, mtu ambaye hatukupata kumwona akicheka. “Na mimi nilijiuliza,” alisema. “Wasichana ishirini na wawili, wote wamekula maharage siku moja na wote wakatafuna vilevile.” Kisha akaacha kucheka, ghafla, akachukua kofia yake. “Na yule mtoto nimemwambia anasema uongo,” alisema. Akatoka bila kuaga.

Gari lilitoka jioni ileile. Kabla jirani yangu hajapanda, dresa alimpa kibiriti kitupu. Mimi nilikuwa nimesimama pale, miguu mitupu, nimejaa toba, nikanyoosha mkono nimsaidie kushika kitu chochote. Akaurudisha mkono wangu taratibu.

“Hiki nakipeleka mwenyewe,” alisema.

Alikuwa na safura ya kutisha, hata mwenye hadubini mjini aliita wenzake waje kuona. Damu yake ilikuwa imebaki maji. Daktari wa hospitali alisema mwezi wake ulikoma kwa kuwa mwili haukuwa na cha kutoa, na udongo aliutamani kwa kutafuta chuma. Walimlaza usiku ule, wakampa dawa yenye harufu kali ya kuondoa minyoo, na baada yake, sawasawa, haluli. Adhuhuri ya Jumamosi gari likamrudisha chuoni na vidonge vyeusi vya chuma vya kutosha miezi mitatu. Vyote vililipwa na ada.

Baba yake alikuwa amefika tangu asubuhi, kwa lori la mkonge. Mtu mfupi, mikono imechanjwachanjwa na miiba ya mkonge, amevaa koti la kanisani. Hakuna aliyekuwa amethubutu kumwambia lolote kabla binti mwenyewe hajarudi. Alipomwona akishuka garini hakungoja maelezo. Alifungua kikapu chake mbele yetu sote, akatoa kanga mbili mpya na blanketi dogo, dogo kabisa, la kufunikia mtoto.

“Mama yako amesema mtoto halaaniwi,” alimwambia. “Amesema usilie njiani. Twende nyumbani.”

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimefundisha, nimezaa, nimezika. Sijaona aibu kubwa kuliko ya lile blanketi. Wale watu walikuwa wamelia yao, wakasamehe, wakashona, yote ndani ya siku nne, siku zilezile ambazo mimi nilikuwa nimelala kitandani natafakari hali ya tumbo langu.

Bibi Mkuu alimweleza kwa Kiswahili chake cha kitabuni kwamba hakuna mtoto, kuna minyoo. Mzee aliomba aelezwe tena. Kisha akaketi chini palepale uani, akacheka na kulia kwa pamoja, na lile blanketi usoni.

“Na nani aliyesema?” aliuliza. “Nani aliyemsemea mwanangu?”

Wakanisukuma mbele. Mzee akasimama, akanishika mikono yangu miwili kwa ile mikono yake ya makovu, akanishukuru. Alisema Mungu aniongezee. Alisema mzazi wangu amezaa mtu. Akachukua jogoo aliyeletwa awe kitoweo cha safari, akanipa. Nilimtazama binti yake. Sasa ndiyo zamu yake, nikafikiri, na haki yake. Amwambie baba yake nani aliyekitupa kibiriti, nani aliyemcheka, nani aliyelala siku nne.

Alimwambia baba yake maneno machache kwa lugha ya kwao. Mzee akanitazama upya, akafurahi zaidi, akanipigapiga begani.

Mimi sikufukuzwa, maana kunifukuza ilibidi waende wote ishirini na wawili, na serikali ingeuliza sababu, na Bibi Mkuu angelazimika kuiandika. Bendera ilishushwa. Tulipimwa upya, dresa amesimama mlangoni mwa msala kama askari, na karibu nusu ya wale wenye staha wakakutwa na minyoo yao wenyewe. Yule mchumba wa Chumbageni alikuwa nayo ya aina mbili. Mimi niliosha chupa za zahanati kila Jumamosi hadi mwaka ukaisha, na kila chuo kilipopimwa dresa alikitazama kibiriti changu akasema, “Huyu namjua.” Mama alipopata habari alisema yeye alikwisha kusema: maradhi ya kulipiwa kabla hayakosi kuja, yakimkosa aliyelipa humshika jirani.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumamosi ile, lori la baba yake lilipokwisha kupotea, tulibaki wawili uani, mimi na jogoo kwapani. Nilimwuliza alimwambia nini mzee.

“Nimemwambia daktari kanikataza kubeba vitu vizito miezi mitatu,” alisema. “Na kwamba dada yangu huyu ndiye atakayenichotea maji.”

Akaingia bwenini, akatoka na ndoo yake, akaiweka mbele ya miguu yangu. Nilimkabidhi jogoo nikaiokota.

“Na uijaze,” alisema.